Naomie Hakufa Hivyo

Buleusa, 9 Septemba

Nimenunua daftari hili ili niache kugombana na vitabu mbele ya wanafunzi. Leo darasa la nne walinikuta nimefunga kitabu kwa nguvu hadi chaki ikaanguka, na mmoja akauliza, "Madame, kitabu ilikukosea nini?" Nikawaambia wafungue ukurasa wa kumi na moja.

Kilinikosea hivi. Ni riwaya ya Kifaransa niliyoazimwa na Thierry, mwalimu wa jiografia, mtu pekee hapa ninayeweza kubadilishana naye vitabu. Mwanamume mmoja kutoka mbali amechoka na mke wake, basi anakuja kwenye msitu kama huu wetu wa Walikale "kutafuta ukimya". Kurasa mia mbili na arobaini za ukimya! Mimi nilizaliwa Ngungu, kwenye vilima vya Masisi, na nilipohamia huku kwa mama mukubwa ili nifundishe, wiki nzima sikupata usingizi kwa kelele za msitu: vyura, wadudu, na pelele wanaolia kama mtu anayenyongwa. Huyo bwana alikuwa na masikio au majani? Na wenyeji katika kitabu chake wanabeba mizigo tu. Mmoja anatabasamu. Hakuna anayemaliza sentensi.

Ninaandika kwa Kiswahili kwa sababu kwa Kifaransa ninakuwa na adabu mno.

15 Septemba

Mvua. Wanafunzi tisa kati ya arobaini na wawili.

21 Septemba

Jumapili, baada ya misa, nilimpeleka mama mukubwa Joséphine-Marie kwenye kibanda cha video cha Papa Élie. Filamu ya mapigano. Papa Élie anatafsiri mwenyewe kwa kipaza sauti, ingawa lugha ya filamu hajui hata neno moja. "Sasa anamwambia: weye, leo utanijua!" Watu wanacheka, na mimi nilicheka. Shujaa aliua watu kama thelathini na kanzu yake haikuchafuka.

Njiani, tulipofika kwenye mihogo yetu, mama mukubwa alisimama.

"Ule wa shati nyekundu," akasema, "ule alipigwa risasi ku mwanzo. Mama yake aliambiwa na nani?"

"Mama, ile ni filamu tu."

"Sawa. Lakini aliambiwa na nani?"

Naomie alikuwa binti yake wa pekee. Alikufa na mimba miaka mitatu iliyopita, mimi nikiwa bado masomoni Bukavu. Ninachojua ni kwamba mto ulifurika na daraja halikuwepo. Tangu niingie nyumba hii, jina hilo sijalisikia likitajwa, wala sijauliza.

30 Septemba

Nimesoma kitabu kidogo cha picha ambacho shirika limegawa shuleni. Kinaitwa, kwa kifupi, msichana akisoma kila kitu kitakuwa sawa. Msichana wa kwenye jalada ana viatu vyeupe. Nimekipeleka chooni, na sioni aibu kuandika hivyo.

8 Oktoba

Nitaandika polepole.

Mwezi wa saba, wakati wa kiangazi, walikuja watu wa filamu: wazungu wawili na dada mmoja wa Kinshasa wa kushika kipaza sauti. Walikaa siku nne. Thierry ndiye aliyewatembeza na kuwatafsiria. Walimhoji mama mukubwa mbele ya jiko lake, mchana mzima, mimi nikiwa Ngungu kwa wazazi. Niliporudi nilimuuliza wamemuuliza nini, akasema, "Mambo ya maisha."

Leo Akilimali, yule wa moto, mwenye pikipiki ya abiria, ametoka Walikale-centre na flash mfukoni. "Filamu ya kwetu!" Papa Élie akawasha groupe, jenereta yake, saa tisa mchana, kibanda kikajaa mpaka nje. Tuliona mlima wetu, tuliona kanisa, watoto wakapiga kelele kila walipojiona. Kisha akatokea mama mukubwa, amefunga kitambaa chake cha bluu. Akafungua mdomo. Tulisikia maneno matatu, "Mutoto yangu Naomie," kisha sauti yake ikashushwa, na juu yake ikapanda sauti ya mwanamke wa Kifaransa, laini, kama mtu anayesoma tangazo la sabuni.

Kibandani pale ni wachache tu wanaofuata Kifaransa. Mimi nilifuata. Sauti ile ilisema: "Watu wenye silaha walikuja alfajiri. Walimkuta binti yangu shambani. Mimi nilijificha kwenye mihogo nikasikia kila kitu."

Mdomo wa mama mukubwa ulikuwa bado unasogea wakati sauti ile imekwisha kumaliza.

Papa Élie aliniuliza, "Madame, anasema nini?" Nikasema groupe inapiga kelele, sisikii. Nilidanganya kwa sababu nilikuwa naona giza. Mwishoni yakapita majina. Tafsiri: Thierry.

Naomie hakufa hivyo. Hata mimi nisiyejua kitu, hilo ninalijua.

10 Oktoba

Thierry alinisalimu mara mbili. Sikuitika.

13 Oktoba

Nilimkamata kwenye ofisi ya walimu, tukiwa wawili. Nikamwekea riwaya yake mezani.

"Kaka Thierry, nani alikuja alfajiri na silaha?"

Hakujifanya hajui, hilo nalikiri. Alikaa.

"Falone, sikia. Mimi nilitafsiri muzuri. Kule kwa montage, kwa kukatakata picha, njo balibadilisha."

"Walikuuliza nini?"

"Baliuliza: nani alimuua? Mama akasema maji. Baliuliza tena: nani alimuua? Akasema daraja. Njo ule mukubwa wao akaniambia: mwalimu, daraja haiko filamu."

"Na wewe ukasema nini?"

Alitazama dirishani. Mvua ilikuwa imeanza tena. "Nilinyamaza."

Mwaka mzima na zaidi nilimwona Thierry mtu mwenye akili kuliko wote wa hapa. Nilikuwa napiga mstari kwenye vitabu ili aone nilipopiga mstari. Leo ninaona haya kwa kila mstari.

19 Oktoba

Mvua siku ya tano. Njia ya Walikale imekatika mahali pawili, magari yamelala kwenye matope.

Nimemwomba Akilimali ile flash, nikaiweka kwenye simu, nikavaa vipokea sauti. Nimegundua kitu: yule mwanamke wa Kifaransa anapovuta pumzi, mama mukubwa anasikika chini yake. Nusu sentensi hapa, neno moja pale. Ninasikiliza, ninarudisha, ninaandika. Mahali pengine sipati kitu, ninamwangalia midomo. Dakika nne za filamu zimenichukua asubuhi nzima, na sijafika nusu.

20 Oktoba

Nimemaliza. Nimesikia. Sitaandika leo.

23 Oktoba

Nitaandika sasa, kwa sababu nisipoandika nitampiga mtu.

Chini ya Kifaransa chao mama mukubwa anasema: "Bale ba kubeba balitaka tuvuke." Halafu maneno nisiyoyapata. Halafu, wazi kabisa, katika pumzi ndefu ya yule mwanamke: "Mimi njo nilikatala."

Nilirudi kwa Thierry. Safari hii ni uwanjani, na wanafunzi walituona.

"Ulisikia alichosema. Kwamba alikataa wasivuke."

"Nilisikia."

"Na hukuniambia. Miezi mitatu tunakaa meza moja!"

"Ulitaka niseme mu Kifaransa kama mama njo alikatala?" Sauti yake ilipanda kwa mara ya kwanza. "Bantu ba kule bangesema nini juu yake? Balipouliza kama kuko banamugambo mu hii mapori, nikasema ndiyo, bako. Hiyo si bongo, ni kweli. Nikaacha baunganishe maneno yabo. Na tena, Falone: kwa daraja, hakuna muntu anakuja. Kwa silaha banakuja. Niliwaza batakuja."

"Wamekuja?"

Niliondoka. Kinachonikasirisha zaidi ni kwamba nilikuwa nataka awe mwongo mtupu, na si mwongo mtupu. Alimwonea mama mukubwa huruma, kisha akamfunika mdomo kwa huruma hiyohiyo. Yule wa riwaya ya ukimya angalau hakutujua. Thierry anatujua. Alikula sombe iliyopikwa na mwanamke huyu.

3 Novemba

Shirika lililoleta wale wa filamu limetuma tangazo: tarehe 22 filamu itaonyeshwa rasmi kwenye salle ya parokia, ule ukumbi mkubwa, wageni watatoka Goma.

Jirani yetu Mama Anastasie alinisimamisha kisimani. Maneno yameshatembea, kuna watu wameelewa Kifaransa nusunusu. "Falone, eti mama yako alitaja benye kubeba bunduki? Alitaja ba nani? Ba upande gani?" Nikasema hakutaja mtu. "Heri," akasema. "Juu benyewe bakisikia, hawataulizia ku Goma. Bataulizia hapa." Akajitwika ndoo yake.

Nimerudi nyumbani na maji nusu ndoo. Kwa hiyo wale wa filamu wamempa Naomie kifo kingine, na juu yake wametuletea maadui. Wao wako Ulaya wanapigiwa makofi.

7 Novemba

Nimesoma riwaya ya mapenzi iliyokatika kurasa za mwisho. Siku nyingine ningekasirika. Leo nimeona afadhali hiyo kuliko mwisho wa kubandika.

10 Novemba

Nimemwambia mama mukubwa.

Alikuwa anamenya mihogo. Nilianza kwa kuzungukazunguka, akasema, "Sema." Nikamsomea alichosema yule mwanamke wa Kifaransa, sentensi moja moja, kwa Kiswahili. Kwenye neno "nilijificha" kisu kilisimama.

"Mimi nilijificha?"

"Njo wanavyosema."

Aliendelea kumenya. Mhogo mzima. Kisha nikamwambia na lile lingine, kwamba nimemsikia chini ya Kifaransa, kwamba ninajua alikataa. Hilo ndilo lililomfanya aweke kisu chini. Nilidhani atalia, lakini aliniangalia kwa hasira ambayo sijawahi kuiona machoni mwake.

"Miaka tatu," akasema. "Weye unakula ku hii meko mwaka ya pili. Hukuniuliza hata siku moja. Bale bazungu baliniuliza. Baliuliza mubaya, lakini baliuliza. Na muntu wa kupita njo unamwambia, juu anaenda nayo."

Nilitaka kujitetea kwamba nilikuwa namheshimu. Mimi niliyekasirikia filamu zote ambamo mama wa maiti hana jina, nimelala chumba cha Naomie miezi kumi na nne, na sikujua hata alikufa saa ngapi.

Nikamwambia asiende tarehe 22. Nikamwambia nitakwenda mimi, niseme hakuna mtu mwenye silaha, basi, na yale mengine yabaki yake.

"Nitaenda," akasema. "Utakaa karibu yangu. Ile mwanamuke akianza kusema, unigonge ku mukono."

17 Novemba

Mvua ya mawe. Maharage ya Mama Anastasie yamelala chini yote.

22 Novemba

Imekwisha. Ninaandika yote kabla sijaanza kuyarembesha.

Salle ya parokia ilikuwa imefunikwa madirisha kwa maturubai ya bâche ili giza liingie. Kulikuwa na watu kama mia mbili, wamelowa, mvuke unapanda kutoka kwenye nguo. Mgeni mkubwa alikuwa Madame Epiphanie kutoka Goma, mwanamke mpole mwenye buti zilizojaa matope. Alikuwa amesafiri siku mbili. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, na buti zile zilinisumbua. Thierry alisimama nyuma, karibu na mlango. Hakukaa.

Mama mukubwa alipotokea ukutani watu walipiga vigelegele. "Mutoto yangu Naomie." Kisha Kifaransa. Nikamgonga mkono.

Akasimama. Alisema kwa sauti ya kawaida, sauti ya kuita mtu aliye uani: "Simamisha."

Mshika mashine alimwangalia Madame Epiphanie. Madame akainua mkono. Picha ikaganda, mdomo wazi.

"Ile mwanamuke anasema mutoto yangu aliuawa na benye silaha," mama mukubwa akasema. "Hapana. Hakuna muntu alikuja. Sikutaja muntu. Mutegee masikio muzuri, juu sitasema mara mbili. Naomie alishikwa na kuzaa mwezi ya kumi na moja, mutoto amekaa kingamo mu tumbo. Tulimubeba ku tipoyi, kile kitanda ya miti, banaume bane, tukimbilie hôpital. Tukafika ku mto. Daraja ilibebwa na maji mwaka moja kabla, na munajua bote nani aliapa ataijenga. Maji ilikuwa inapanda. Bale ba kubeba balisema tuvuke, itafika ku kifua tu. Mimi njo nilikatala."

Akashika mgongo wa benchi la mbele, akaendelea.

"Niliogopa maji ibabebe bote. Banaume bane, na yeye. Nikasema tungoje ishuke. Tulingoja. Haikushuka. Alikufa pale ku kando, saa tisa ya muchana, jua inawaka. Njo vile alikufa. Nilisema hivi kwa ile mashine na leo ninasema kwenu."

Sikujua kama nimshike au nimwache. Na hapo ndipo nilipomwona Madame Epiphanie, machozi yanamtoka, amenyanyua simu yake, anachukua video.

"Shusha hiyo," mama mukubwa akamwambia. Hakupaza sauti. Madame alishusha simu kama mtoto aliyekamatwa na sukari.

Kisha benchi likalia upande wa wanaume. Papa Hilaire, mwindaji, mtu mzito asiyesema hata kwenye mikutano, alisimama akishika kofia yake.

"Mama Joséphine-Marie. Mimi nilikuwa ku muguu wa mbele wa ile tipoyi."

"Najua, Papa."

"Nilisema tuvuke. Nilisema kwa nguvu." Aligeuza kofia mikononi. "Nilisema juu isemwe kama nilisema. Bote tulikuwa tunaogopa. Ulipokatala, mu roho yangu nilisema asante Mungu. Kisha miaka tatu nikaacha ubebe hiyo neno peke yako. Tungevuka, tungekufa bote. Nilijua siku ile ile."

Mama mukubwa alimwitikia kwa kichwa. Kisha akakaa, kwa namna mtu anavyokaa baada ya kutua mzigo wa kuni: kwanza mkono ukitafuta benchi, halafu mwili.

Hakuna aliyeomba filamu iendelee. Tulipotoka mvua ilikuwa imekatika na Papa Hilaire alikuwa akitembea mbele yetu, akitupisha kwenye madimbwi bila kugeuka.

Madame Epiphanie alinishika nje. Akaahidi ataandika, watarekebisha. Nikamwambia sisi ahadi tunazijua, zinabebwa na maji. Nilikuwa mkali. Sijutii.

6 Desemba

Jibu limefika, ujumbe wa sauti kwenye simu ya padri. Wamerekebisha kweli. Wameziondoa dakika nne zote za mama mukubwa, mahali pake wameweka ukungu juu ya mlima. Wanatushukuru kwa uelewa wetu.

Nimepiga teke ndoo mpaka ikapasuka. Walikuwa na sauti yake nzima, safi, bila Kifaransa juu. Wangeweza kuipandisha. Walichagua ukungu.

Mama mukubwa aliniangalia nikiokota vipande. "Uite Thierry," akasema.

"Wa kazi gani?"

"Uite."

14 Desemba

Mitihani imekwisha. Thierry alikuja leo saa nne asubuhi, amevaa shati la misa. Alisimama mlangoni mwa jiko, akaanza, "Mama, nakuomba..." Mama mukubwa akamkatiza.

"Utaomba baadaye. Kaa. Uko na kalamu? Ninataka bale ba filamu baandikiwe barua, bajue ile maneno balikata. Ninasema, unaweka mu Kifaransa. Falone atakaa pale ataangalia kama uko naiba maneno."

Basi nilikaa. Mama mukubwa alikuwa anasema kidogo, anasubiri, anasukuma kuni, anasema tena. Thierry aliandika, na kila sentensi alinipa karatasi. Nilikuwa na kalamu yangu nyekundu ya kusahihisha na niliitumia bila huruma. Aliandika kwamba mama "aliamua" wasivuke. Nikakata, nikaandika "alikataa". Aliandika kwamba daraja "halikuwepo"; nikakata: lilibebwa, na halikujengwa tena. Aliandika "alifariki". Nikakata. Alikuwa anakubali kila kosa bila neno, jasho likimtoka, na mimi nilikuwa naona raha, kusema kweli.

Kisha mama mukubwa akasema jambo ambalo hakusema mbele ya mashine wala kwenye salle.

"Andika na hii. Ku kando ya mto baridi ilimuingia, ijapo jua. Akaniomba nimufunike miguu. Nilifungua kitenge yangu nikamufunika. Akasema: Mama, sasa iko muzuri. Njo neno yake ya mwisho."

Kalamu ya Thierry ilisimama. Mabega yake yalitikisika. Nilimwacha atikisike, sikumpa hata kitambaa. Sijamsamehe, na sijui nitamsamehe lini. Mama mukubwa alisukuma kuni, kisha akasema, "Andika, mwanangu. Kuni inaisha."

Aliandika. Ilimchukua muda mrefu kuliko ukurasa wote. Akanipa karatasi. Nilisoma sentensi hiyo mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, nikitafuta kosa, kalamu nyekundu ikiwa tayari.

Halikuwepo.